Usaili baada ya siku 12: lafudhi ya Unguja mjini, bajeti 30,000

Kanda_ya_Ziwa

Habarini wadau. Nina usaili wa tamthilia ya televisheni baada ya siku 12. Nafasi yenyewe ni ya mama wa miaka 45 hivi, anauza vitambaa soko la Darajani, kazaliwa na kukulia mjini Unguja. Nimepewa kurasa mbili, mistari yangu ni 22. Wameandika wazi kuwa wanataka lafudhi ya Zanzibar "ya kweli, si ya vichekesho", na siku hiyo watatupa ukurasa mwingine tusiouona kabla.

Niko Mwanza, lugha ya nyumbani ni Kikerewe. Udhaifu ninaoujua: R na L zinapishana nikiongea haraka, dh inanitokea z, th inanitokea s. Nina simu ya kawaida na hedifoni. Bajeti ni 30,000 kwa kila kitu, kwa hiyo mwalimu wa kulipwa kwa saa tumsahau.

Nianze na lipi? Nimsikilize nani? Na je, nichomeke maneno ya Kizanzibari kama "yakhe" (ndugu yangu) kwenye mistari, au niiache ilivyo?

---

Mzee_wa_Jukwaa

Nianze na swali lako la mwisho: iache ilivyo. Lahaja (maneno na sarufi ya mahali) ni jambo moja, lafudhi (namna ya kutamka) ni jingine. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, uamuzi uliopitishwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Maana yake kwako ni kwamba maneno yaliyo kwenye kurasa zako tayari ni ya huyo mama kwa sehemu kubwa. Kinachokutenga naye kiko mdomoni. Mwigizaji anayepachika "yakhe" kila sentensi huku anasema "zahabu" na "selasini" anajianika mwenyewe, na hicho ndicho hao waandaaji wamekiita vichekesho. Isitoshe, "yakhe" kwa kawaida husikika zaidi kwa wanaume barazani. Mwanamke kwa mwanamke mwenzake atamwita "shoga", yaani rafiki, neno ambalo bara limeshachukua maana nyingine, kwa hiyo huyo mwandishi akiliweka ni juu yake, wewe usilianzishe.

Pili, usipotee kisiwani. Ukitafuta mtandaoni "lahaja ya Zanzibar" utaangukia Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita Kikae, au Kitumbatu, au Kipemba. Vyote ni vya Zanzibar, lakini hakuna hata kimoja ambacho ni cha mama wa Darajani aliyezaliwa mjini. Kimakunduchi kina viambishi vyake, ukikiiga watu wa mjini wenyewe watakutaka uwatafsirie.

Sasa nani wa kumsikiliza. Mtu MMOJA. Ukichanganya watano utatoka na lafudhi isiyo na mwenyewe. Awe mwanamke, umri kati ya 40 na 60, mtu wa mjini, na awe anaongea bila karatasi. Hapo kwenye karatasi ndipo wengi hukosea: wanawasha ZBC (redio na televisheni ya Zanzibar), wanasikiliza taarifa ya habari. Msomaji wa habari anasoma kihabari, sauti imenyooshwa. Tafuta vipindi vya wasikilizaji kupiga simu, mahojiano ya sokoni, vipindi vya mapishi, akina mama wa vikundi vya ushirika wanaoeleza shida zao. Mawaidha ya masheikh yatakufunza kh na gh vizuri sana, ila ukichukua na mdundo wake utauza vitambaa kama unatoa hotuba ya Ijumaa. Nyimbo za taarabu pia usizifanye mfano, kwa sababu mwimbaji anavuta irabu kufuata ala. Mahojiano ya waimbaji ndiyo mali. Ya marehemu Bi Kidude yapo mengi, lakini yule alikuwa bibi wa kizazi cha nyuma na sauti yake ni yake peke yake. Chota matamshi, usimwige mtu.

Ukimpata mtu wako, kata sekunde 90 tu. Pakua mara moja, geuza iwe sauti tupu, kisha sikiliza nje ya mtandao. Sekunde 90 kwa kbps 128 ni kama MB 1.4. Ukiirudia mara 200 kutoka kwenye simu hutumii hata senti, ila ukiitazama video ileile mtandaoni kila mara bando lako litakwisha siku ya tatu.

Halafu iandike kwa mkono KAMA UNAVYOISIKIA, si kama inavyoandikwa vitabuni. Akisema "nnakwenda", andika nnakwenda, usiandike ninakwenda. Akisema "kesha kula", andika hivyo. Weka mshale juu pale sauti inapopanda, mshale chini inaposhuka, mstari wima anapovuta pumzi. Kazi hiyo itakula saa mbili na itakuchosha, lakini baada yake utasikia vitu ambavyo ulikuwa unapita juu yake. Kisha fuatisha: sekunde sita sita, wewe nyuma yake kwa nusu neno, mara kumi kila kipande, kwa kasi ya robo tatu kwanza halafu kasi kamili.

---

Ulimi_na_Meno

Mzee kamaliza upande wa kusikiliza. Mimi nashika sauti zenyewe, na nazipanga kwa faida, kwa sababu siku 12 hazitoshi kila kitu.

dh na th kwanza. Hizi ndizo zitakazokutoa chumbani dakika ya kwanza. Chukua kioo kidogo. Ncha ya ulimi ionekane kati ya meno ya juu na ya chini, milimita mbili tu, isizidi. Pitisha hewa bila kutikisa koo: th. Tikisa koo: dh. Shika kila moja sekunde tatu, kisha ingiza neno: thhhamani, dhhhambi. Siku ya kwanza utatokwa na mate, ni kawaida. Kosa linalofuata ni kutoa ulimi nje mno, neno likachelewa, ukawa unasema "fe...dha". Ulimi uguse na kurudi.

Halafu kuna kosa kubwa zaidi, la mtu aliyejifunza nusu: anaanza kubadilisha kila z. Nimeshasikia "dhamani" kwa zamani na "dhawadi" kwa zawadi, na hiyo inaudhi sikio la Mzanzibari kuliko z yako ya Mwanza. Zawadi, zamani, zaidi, kizazi, mzuri: zote z. Dhahabu, fedha, tafadhali, adhabu, ardhi, hadhi: dh. Thelathini, hadithi, methali, thawabu, athari: th. Zoezi la asubuhi, mara ishirini bila kukosea: *Samani hizi za zamani zina thamani, ziwekwe dhamana.* Ukiweza kulisema hilo huku unafagia, umevuka.

R na L. R ya Unguja ni pigo moja la ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, haivingirishwi. L ulimi unabandika na kukaa. Fanya jozi: kura, kula. Hari, hali. Mahari, mahali. Rika, lika. Usijipime mwenyewe papo hapo, sikio lako litakudanganya kwa sababu linajua ulichokusudia. Andika maneno hayo kwenye vikaratasi, vichanganye, rekodi vyote kwa mpangilio uliotokea, kisha sikiliza KESHO YAKE na uandike unachosikia. Linganisha. Ukipata chini ya tisa kwa kumi, bado.

Irabu kabla ya mb, nd, ng. Hili hukulitaja na pengine hujui kama unalo. Kikerewe, kama lugha nyingi za huko ziwani, huvuta irabu inayotangulia mb au nd. Kiunguja hakivuti. Mama wa kuuza vitambaa atalitaja neno "kitambaa" mara ngapi kwenye kurasa mbili? Kitambaa: "ta" fupi kabisa, mzigo wote uko kwenye "mbaa". Ukisema "kitaambaa" hakuna dh itakayokuokoa. Sindano nayo: "si" fupi, "nda" ndiyo yenye mkazo. Kanuni ni moja tu: irabu inayorefuka ni ya silabi ya pili kutoka mwisho, na inarefuka zaidi pale sentensi inapotua. Ukiongeza -ni mkazo unasogea nao: nyumba, nyumbani.

M inayojitegemea. Mtu, mtoto, mzee, na hata katikati: ukamkata. Ile m ni silabi kamili, ina pigo lake, midomo imefungwa. U-ka-m-ka-ta, mapigo matano. Kwa mtu wa kwenu hatari ni "ukamukata".

gh na kh. Gh ni ghali, ghafla, lugha, shughuli, ghorofa. Usiipeleke kwenye gari na goti. Kh iko pale Kiarabu kilipokuwa na kh: khabari, khatari, khasara, kheri, khofu, Khamis. Haipo kwenye haki, hali, halali, hesabu, hukumu, hewa. Mtu akisema "khaki yangu" nchi nzima inajua amejifunza jana. Na hata kwenye zile zenye kh kweli, mama wa sokoni haikwarui kila mara. Wengine huilainisha mpaka ikawa h. Fuata mtu wako wa sekunde 90.

Mpumuo. Hili ni la mwisho lakini ni tamu. Watu wazima wa pwani wanatofautisha paka wa kufuga na paka mafuta. Mnyama ana pumzi baada ya p, kitenzi hakina. Kata kipande cha tishu upana wa vidole viwili, kishike sentimita tano mbele ya midomo. Sema paka mnyama: kitikisike. Sema "jipake mafuta": kitulie. Hivyo hivyo paa wa porini na paa la nyumba, kaa wa baharini na kaa la moto, chungu wanaotambaa na chungu cha kupikia. Kila jozi, wa kwanza ana pumzi na wa pili hana. Ngeli ya N ndiyo yenye pumzi, na sifa zake pia: nyumba kubwa ina pumzi kwenye k, mtu mkubwa hana. Mara tatu ina pumzi kwenye t ya kwanza, watu watatu hawana.

---

Bajeti_Sifuri

Nakubali na mengi, napinga mpangilio kidogo. Mpumuo kwa siku 12 ni anasa. Vijana wengi wa huko mjini wenyewe hawautunzi, na aliyekaa nyuma ya meza hatakukata kwa hilo. Hesabu kwenye mistari yako 22 yako wapi maneno yenye mpumuo, chagua sita yaliyo mahali pa uzito, fanya hayo tu. Nguvu uipeleke kwenye mdundo, maana sauti moja moja zinaweza kuwa sahihi zote na bado mtu akasikia Mwanza.

Pesa zako. 10,000 bando. 10,000 weka kwa ajili ya mzungumzaji halisi. Zilizobaki ni kopi za kurasa zako, penseli, kioo, na nauli ya kumfuata mtu. Programu za kurekodi na kukata sauti zipo za bure, usilipie yoyote.

Mzungumzaji utampata kwa kuulizia: wanafunzi wa vyuo hapo mjini waliotoka visiwani, misikitini, kwa wafanyabiashara. Uliza kwanza "umekulia wapi?" kwa sababu Mpemba atakusaidia kwa moyo wote na utatoka na Kipemba. Mwanamke mtu mzima ni bora, lakini kijana wa kike aliyelelewa na bibi yake mjini anafaa, muombe aongee "kama bibi anavyogomba".

Jambo muhimu kuliko yote hapa: USIMPE KARATASI ASOME. Ukimpa mistari yako atakusomea kwa sauti ya shuleni, sanifu iliyonyooka, na utalipa 10,000 kwa kitu unachokipata bure redioni. Mweleze hali: "Bi mkubwa, kuna mtu kakukopa vitambaa, miezi mitatu hajalipa, leo kapita dukani kana kwamba hakuoni. Ungemwambiaje?" Mwache aropoke. Rekodi dakika tano. Hapo ndipo utapata kupanda na kushuka kwa hasira ya Kiunguja, ambako hakuna maelezo ya kwenye jukwaa yanayoweza kukuandikia. Baada ya hapo ndipo msome naye mistari, wewe ukisoma na yeye akikatiza.

Na akiwa mbali, asikutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa kawaida. Ule unabana sauti na kukata zile za juu, th na s na f zinafanana zote. Arekodi kwa kinasa cha simu, akutumie kama faili. Wewe pia ukijirekodi, jifunike blanketi au simama mbele ya nguo zilizotundikwa. Chumba cha bati na saruji kinarudisha mwangwi na utakosa kujua kama kilichosikika ni dh au ni ukuta.

---

Kanda_ya_Ziwa

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nimejikagua, na kweli: nasema "kitaambaa"! Sikuwa najua kabisa.

Mawili. Kwanza, nimefanya kh na gh jana kama saa nzima, leo koo linawaka. Pili, hii ndiyo mistari mitatu inayonishinda, naomba mtu aniandikie namna ya kuipita:

1. Nimekwambia mara tatu, fedha za watu hazikai kabatini.
2. Khamis amekuja juzi, hakuleta habari wala salamu.
3. Mtoto wa mtu si kitambaa, ukamkata ukamshona.

---

Ulimi_na_Meno

Koo kwanza. Unakwaruza chini mno. Kh haitoki kwenye koromeo, inatoka pale pale unapotamka k. Sema "k" polepole, usiifungue. Sasa legeza nyuma ya ulimi kidogo sana ili hewa ivuje. Hiyo ndiyo kh. Gh ni hiyo hiyo ukitikisa koo, laini, karibu kama g iliyokataa kufunga. Dakika tatu kwa siku zinatosha, na leo pumzika kabisa. Saa nzima ni kuichosha sauti unayoihitaji.

Mistari sasa.

*Nimekwambia mara tatu, fedha za watu hazikai kabatini.* "Ni" ya mwanzo imeze: n'mekwambia, n ibaki na pigo lake. Mara, r pigo moja. Tatu, pumzi kwenye t ya kwanza peke yake, na kwa sababu kuna mkato baada yake, "ta" inavutwa: taatu. Fedha ndiyo kitovu cha mstari, ulimi uguse na kurudi. Watu haina pumzi. Kabatini haina pumzi yoyote, mkazo "ti". Usipumue kati ya fedha na kabatini, ni pumzi moja mpaka mwisho.

*Khamis amekuja juzi, hakuleta habari wala salamu.* Tazama mtego: habari ina r, kisha zinafuatana "wala salamu" zenye l mbili. Ulimi uliopiga r utataka kuendelea kupiga, ukasema "wara saramu". Fanya mazoezi kutoka nyuma: salamu. Wala salamu. Habari wala salamu. Hakuleta habari wala salamu. Mara kumi kila ngazi kabla hujapanda. Kh ya Khamis iwe wazi kwa sababu ni jina la mtu, ya khabari ilegee.

Hapo kwenye "amekuja", mama wa mjini angesema "kaja": Khamis kaja juzi. Hii ndiyo sehemu moja ningemwomba mwongozaji ruhusa, kwa maneno mafupi tu: "Naweza kusema kaja badala ya amekuja?" Akikataa, sema amekuja na usinune. Usibadilishe bila kuuliza.

*Mtoto wa mtu si kitambaa, ukamkata ukamshona.* Mstari mzuri huu, usiuharibu kwa haraka. M ya mtoto na ya mtu zote mbili zina pigo. Kitambaa tumeshasema. Mwisho u-ka-m-ka-ta, u-ka-m-sho-na, mapigo matano na matano, karibu kama wimbo, na "sho" ndiyo inayotua. Gonga meza kwa kidole kila silabi mpaka zilingane, kisha acha kidole.

---

Mzee_wa_Jukwaa

Naongeza la ukurasa usiouona, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Lafudhi iliyokaririwa huishi kwenye mistari iliyokaririwa tu. Ukipewa maneno mapya, ulimi unarudi nyumbani.

Kuanzia leo, kila siku chukua kipande cha gazeti chenye maneno kama 120 ambacho hujakisoma. Jipe sekunde 60 na penseli: pigia mstari kila dh, th na gh, zungushia kila r, weka nukta chini ya kila m inayojitegemea. Kisha soma kwa sauti ya yule mama, jirekodi, hesabu makosa. Yaandike kwenye karatasi moja, siku kwa siku. Utaona mawili matatu hayapungui. Hayo ndiyo ya kushughulikia siku za mwisho, mengine yaache. Siku ya usaili nenda na penseli mfukoni. Ukipewa ukurasa, omba dakika mbili. Karibu wote hukubali.

Na fanya mistari yako 22 kwa hali tofauti. Kwa kunong'ona. Kwa kupaza sauti kama unamwita mtu upande wa pili wa barabara. Kwa uchovu, baada ya kupanda ngazi. Na mikono ikiwa na kazi: kunja doti ya kanga, pima kitambaa kwa urefu wa mkono, kata uzi kwa meno. Lafudhi huanguka mahali pawili, mtu akikasirika na akilia. R na L zako zitarudi kwa kishindo kwenye mstari wa hasira, kwa hiyo mstari huo uufanye mara nyingi kuliko mengine yote, na usiridhike na ule uliousema vizuri ukiwa umekaa.

---

Bajeti_Sifuri

Mgawanyo wa siku, kwa kifupi: 1 na 2 tafuta mtu, kata, andika. 3 mpaka 6 sauti, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, isizidi. Siku ya 7 kaa na mzungumzaji. 8 mpaka 10 mistari na gazeti. 11 usijifunze kitu kipya, sikiliza tu zile sekunde 90 ukiwa unapika. Siku ya 12 asubuhi fuatisha kipande hicho mara tatu kabla hujatoka nyumbani, na mara moja ukiwa mlangoni.

---

Kanda_ya_Ziwa

Swali la mwisho, naahidi. Nikiingia chumbani, nijitambulishe kwa lafudhi ya mama au kwa yangu?

---

Mzee_wa_Jukwaa

Kwa yako. Sema jina, unakotoka, halafu nyamaza sekunde mbili, vuta pumzi, anza. Waisikie Mwanza kwanza ndipo waone umbali uliosafiri. Ukiingia tayari ni Mzanzibari watakuuliza "unatoka Unguja sehemu gani?" na hapo utaanza kudanganya au kujieleza, vyote viwili vinakula muda wako. Kuna waongozaji wanaopenda mtu akae ndani ya uhusika tangu mlangoni, lakini hao husema mapema.

Na dh ikikutoka z katikati ya mstari, usirudie neno. Pita. Anayerudia neno kurekebisha matamshi anawaambia wote chumbani wasikilize matamshi.

---

Ulimi_na_Meno

Nyongeza ndogo: akisimama mtu mzima kukupokea, shikamoo yako ya kawaida inatosha. Usimwanzie "assalaam alaykum" kwa ajili ya kuonyesha umejiandaa.